Kifungu cha Kumi na Nne

Ufunguo ukazunguka mara mbili, na mlango wa stoo ya karatasi ukafunguka.

Najua mmekaa siku saba mkinilaani kwa kumwacha mama wa watu amejibanza nyuma ya marobota, ukurasa umefichwa kifuani, na mtu asiyejulikana anachokonoa kitasa. Msomaji wetu mmoja alifika mpaka ofisini kumwuliza mhariri kama Mama Jicho amekamatwa au la. Haya, tulieni. Aliyeingia hakuwa polisi.

Alikuwa Bwana Kisu, fundi wa mashine ya kukatia karatasi, yule mwenye vidole tisa.

"Toka huko," alinong'ona. "Kisigino chako kinaonekana tangu mlangoni. Mtu ukiamua kuiba, iba kwa akili."

Mama Jicho alitoka, vumbi limemjaa mpaka kwenye kope.

"Umenitoa roho, wewe!"

"Ngoja, bado. Meneja anapanda ngazi. Na ana mgeni."

Kwa mliochelewa kujiunga nasi nitasema haraka, maana tumbo la Meneja litamchelewesha ngazini, lakini si sana.

Hapa ni Idara ya Uchapaji ya Serikali. Mama Jicho ni msomaji wa prufu. Kazi yake ni kukaa na karatasi mbili mezani: moja imetoka wizarani na masahihisho ya kalamu, nyingine imetoka kwa mpanga herufi. Anazilinganisha neno kwa neno. Zikifanana, anatia saini yake fupi pembeni, mitambo inaanza kunguruma. Hatakiwi kufikiri. Fundi mmoja aliwahi kumnyooshea waziri sentensi iliyopinda, na mpaka leo anafagia uani.

Basi ulipokuja Mswada wa Pensheni, ule wa kuzitia pensheni za wafanyakazi wote mikononi mwa mabenki na kukataza mtu yeyote kuyashtaki zikipotea, ulikuwa na nyongeza pembeni mwa kifungu cha kumi na nne. Imeandikwa kwa wino wa kijani. Mpanga herufi aliiona, akaipanga mahali pake kama alivyopanga nyongeza zote kwa miaka thelathini na tano. Mama Jicho akalinganisha. Zilifanana. Akatia saini. Ilikuwa Ijumaa alasiri, na alikuwa na kurasa thelathini na mbili mbele yake.

Ndipo mswada halali wa serikali ukachapwa, na nembo juu, ukisema hivi katika kifungu cha kumi na nne: *Waziri asisome hapa kwa sauti, apite haraka. Wajumbe wa kamati tumeshawaweka sawa sisi wenyewe.*

Nakala moja ilivuka geti. Siku ya kwanza watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Siku ya pili hawakucheka tena. Manesi, walimu, madereva, wazee waliostaafu na waliobakiza mwaka mmoja, wote walikwenda kuketi mbele ya geti la Bunge. Leo ni siku yao ya nne juani, na kura inapigwa saa tisa alasiri.

Serikali imesema hakukuwa na nyongeza yoyote. Imesema mpanga herufi aliitunga mwenyewe kwa uchochezi. Polisi wakamtoa kwenye kiti chake Jumanne, kikombe cha chai bado kinafuka moshi.

Mpanga herufi huyo, wote kazini wanamwita Mzee Nukta. Kwa Mama Jicho ni mjomba. Ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, ndiye aliyemfundisha kazi, na ni mgonjwa wa sukari. Anachoma sindano asubuhi na jioni. Sindano zenyewe ziko kwenye friji nyumbani, na yeye yuko mahabusu kwa siku ya tatu.

Sasa mnajua ni kitu gani kipo kifuani mwa Mama Jicho. Ni ule ukurasa wenye wino wa kijani.

"Nipe mimi," alisema Bwana Kisu. "Nautia katikati ya rimu moja, natoka nao kwenye gari la mabaki ya karatasi. Saa sita Sista anao mkononi, anawaonyesha waandishi. Kufika saa tisa hakuna mbunge atakayethubutu kuinua mkono."

Sista ni yule nesi mstaafu anayeongoza walioketi getini. Amezalisha nusu ya mji huu, na sauti yake haihitaji kipaza.

Mama Jicho alitia mkono kifuani. Akausimamisha hapo hapo.

"Na mjomba?"

"Mjomba wako akisikia umeufikisha, atacheka huko huko ndani."

"Atacheka na sukari iko juu ya kichwa, Kisu? Ukurasa ukishaonekana watasema nini? Watamwachia kwa sababu wameumbuka? Hawa watu? Watamsahau mule mpaka aanguke."

Bwana Kisu alinyoosha mkono kuupokea ukurasa.

Walichelewa. Meneja aliingia akihema, shati limeganda mgongoni. Nyuma yake alikuwa mwanamke kijana, nguo zimenyooka, pochi ndogo begani.

"Shikamoo, mama," alisema yule kijana.

"Marahaba," Mama Jicho aliitikia kabla hajajizuia. Ndivyo mdomo ulivyozoea. Alitamani kuirudisha.

"Mimi ni wakili wa Umoja wa Mabenki. Sitakupotezea muda. Wino wa kijani ni wangu."

Bwana Kisu alipiga mluzi mdogo.

"Nilikuwa namkumbusha waziri tu," Wakili aliendelea, sauti laini kama anaongea na mgonjwa. "Tunamwandikia kila mara. Miswada yote ya fedha tunaipitia sisi kabla haijaja kwenu, hilo si jambo geni. Sikudhani kuna watu duniani wanaochapa kila kitu wanachokiona."

"Ndiyo kazi tuliyoajiriwa, mwanangu."

"Nimeiona kazi yenu. Ukurasa uko wapi?"

"Ninajua uko wapi."

Alisema hivyo akiwa mkavu kabisa, na karatasi yenyewe inamkwaruza ngozi kila akivuta pumzi. Bwana Kisu aliangalia dari.

"Basi tuelewane," Wakili alisema. "Mjomba kwa ukurasa. Leo hii, kabla ya saa sita. Anatoka kwa miguu yake, unampeleka nyumbani, anachoma sindano yake. Naambiwa hali si nzuri."

"Usikubali," Bwana Kisu alisema.

"Wewe nani kakuuliza?" Meneja aling'aka. Kisha akamgeukia Mama Jicho, macho yamemlegea. "Dada yangu, nakuomba. Yaishe. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu."

"Ustaafu na pensheni ipi, bosi?" Bwana Kisu alimwuliza.

Meneja alitoa leso, akajifuta shingo.

Wakili alitoa simu yake, akabonyeza namba, akaiweka juu ya robota la karatasi. Ikaita. Mtu akapokea upande wa pili, pakasikika mlango wa chuma, halafu pumzi nzito.

"Mjomba?" Mama Jicho aliinama juu ya simu. "Mjomba, ni mimi."

"Nani?"

"Mimi, mjomba. Umekula? Wamekupa maji?"

Halafu ile sauti ikaita jina. Lakini hakuita jina la Mama Jicho. Aliita jina la mama yake, yule marehemu, akamwuliza kama mvua imekatika na kama watoto wamerudi shule.

Mama Jicho alisimama wima. Machozi yalimtoka bila kwikwi, yakachora njia kwenye vumbi la mashavu. Kwa miaka kumi na tisa alisoma kila kitu kilichotoka serikalini na hakuwahi kupitwa na herufi moja, na sasa alihisi hasira mpaka meno yakamuuma. Aliwachukia wote: huyu binti na pochi yake, waziri, hata Sista na ule uvumilivu wake wa kukaa juani. Alimtaka mjomba wake tu.

"Twende," alisema.

"Mama Jicho!" Bwana Kisu alimshika mkono kwa vile vidole vyake vinne. "Watu elfu ngapi wako nje?"

"Ningekuwa na wajomba elfu, Kisu, ningekupa mmoja. Ninaye huyu."

Akajinasua. Getini alitaka kuchukua simu yake kwenye kisanduku, maana simu za wafanyakazi hufungiwa pale kila asubuhi. Wakili alikuwa ameshamfungulia mlango wa gari.

"Utaichukua ukirudi," alisema kwa adabu.

Kituo cha polisi kinatazamana na geti la Bunge, barabara moja tu katikati, na barabara hiyo ilikuwa imejaa watu. Gari lilijikongoja. Mikono ilipigapiga kwenye bodi. Wazee walikuwa wameketi juu ya maboksi yaliyokunjuliwa, wengine wamejifunika magazeti kichwani, na mabango yameandikwa kwa mkono: HATUKUKOPA, TULIFANYA KAZI. BENKI IKATAWALE BENKI.

Sista alimwona kwanza. Uso wake ulichanua. Alijipenyeza mpaka kwenye kioo, akainama.

"Umeuleta?" midomo yake iliuliza.

Mama Jicho aligeuza uso upande wa pili.

Sista alitembea sambamba na gari hatua kumi hivi, mkono juu ya kioo, bado anatabasamu, akidhani mwenzake hajamwona. Halafu akaangalia kwenye usukani. Akamtambua anayeendesha: yule wakili wa mabenki. Mkono wake ukaanguka, naye akabaki amesimama pale pale huku watu wakimpita huku na huku.

Sitawaficha, wasomaji wangu, hata mimi niliyezoea kuwatesa watu humu ndani niliweka kalamu chini kidogo.

Kaunta ya kituo ilikuwa ya mbao, imechubuka kwa viwiko vya watu wenye shida. Nyuma yake alikaa Sajenti mnene asiyependa kazi ya siku hiyo. Wakili alimwambia neno moja sikioni. Sajenti akapaza sauti kuelekea ndani, na mlango wa chuma ukalia.

Mzee Nukta alitoka peku. Mkono mmoja umeshika suruali isimdondoke, mwingine unapapasa ukuta. Midomo ilikuwa imepasuka. Siku tatu zilikuwa zimemla miaka kumi.

"Maji!" Mama Jicho alipiga kelele. "Mpeni maji, ninyi watu!"

Sajenti mwenyewe alimletea kikombe. Mzee alikunywa chote, akaomba kingine, akanywa, ndipo macho yake yakaanza kutafuta nani yuko mbele yake.

"Ni wewe, mama?"

Ndivyo alivyomwita tangu utotoni. Safari hii alikuwa anamwita yeye, si marehemu.

"Ni mimi, mjomba."

Mama Jicho aliwapa mgongo wanaume, akachomoa ukurasa kifuani. Ulikuwa umelowa jasho, lakini wino wa kijani haukuwa umechuja hata kidogo. Akaunyoosha. Wakili akaupokea, akausoma mbele na nyuma, akaukunja taratibu. Hakuuchana. Hakuomba kiberiti. Aliutia kwenye bahasha ya plastiki, akaifunga, na bahasha akampa Sajenti.

Hilo lilimtatiza Mama Jicho kidogo, ila mjomba alikuwa anayumba, akawahi kumshika.

"Nimetimiza," alisema Wakili. "Mzee yuko huru. Samahani kwa usumbufu, mama."

Akatoka. Viatu vyake vilisikika mpaka chini ya ngazi.

Mzee Nukta alikuwa anaangalia ile bahasha kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Ile karatasi ya kijani," alisema polepole. "Ile si ndiyo yenyewe? Umempa?"

"Nimempa."

"Kwa nini?"

"Kwa ajili yako! Nifanyeje, nikuache ufie humu?"

"Lakini mimi nimeshasaini, mama."

Mama Jicho alimgeuza uso kwake.

"Umesaini nini?"

"Maelezo. Leo alfajiri. Waliniambia nikikubali kosa ni langu peke yangu, wewe hawatakugusa. Nikaona mimi nimekula chumvi nyingi, wewe una watoto wadogo. Nikasaini." Alitabasamu na ile midomo yake iliyopasuka. "Nilidhani nakuokoa."

"Ulisoma kwanza?"

"Kwa macho gani? Miwani walinivua siku ya kwanza, pamoja na mkanda. Walinisomea wao."

Mtu aliyepanga herufi miaka thelathini na tano, asiyewahi kuiacha nukta moja, alikuwa ametia saini karatasi asiyoiona.

Sajenti alikohoa. Alisukuma juu ya kaunta mkanda, miwani yenye kioo kimoja kilichovunjika, na karatasi mbili zilizobanwa pamoja. "Asaini hapa kwamba amepokea vitu vyake," alisema, na hakumtazama mtu usoni.

Karatasi ya chini ilikuwa ndiyo maelezo. Mama Jicho aliigeuza. Hakuamua kuigeuza, ni mkono wa kazi tu. Macho yakaanza juu kushoto kama kawaida yake, yakashuka mstari kwa mstari.

Kwenye mstari wa tatu yakasimama.

*Sentensi ile niliipanga kwa kuagizwa na mpwa wangu, msomaji wa prufu, ambaye alishirikiana na waandamanaji. Ni yeye aliyeghushi mwandiko wa kijani katika ukurasa wa asili, na ukurasa huo anao yeye hadi sasa.*

Aliusoma mara mbili. Akainua macho akaiangalia bahasha ya plastiki mkononi mwa Sajenti. Sasa alielewa kwa nini haikuchanwa. Ukurasa uliokuwa uwaumbue wao ulikuwa umeletwa kituoni, mbele ya askari, ukitoka kifuani mwake mwenyewe. Ulikuwa ushahidi, ndiyo. Dhidi yake.

Sajenti alijikuna shingo.

"Mama," alisema chini chini, "mtoe mzee kwanza."

"Wameandikaje?" Mzee Nukta aliuliza. Alikuwa amevaa ile miwani, anakunja uso kutafuta kioo kizima, haoni kitu. "Hebu nisomee. Wewe ndiye jicho. Nisije nikawa nimewakubalia upuuzi."

Miaka kumi na tisa. Makosa ya mawaziri, tarehe zilizokosewa, majina yaliyopinda, vyote alivisoma vilivyo. Kwenye kazi hakuwahi kutamka neno ambalo halimo kwenye karatasi. Mzee huyu huyu alimchapa rula vidoleni siku ya kwanza alipojaribu.

Mama Jicho aliinua karatasi karibu na uso.

"'Mimi, mpanga herufi,'" alisoma, "'nakiri kwamba nilifanya kosa hili peke yangu. Sikushauriana na mtu yeyote. Mpwa wangu hahusiki kwa namna yoyote.'"

Alisoma vizuri, kwa mkato wa kiofisi, na nukta zote mahali pake.

Mzee alishusha pumzi ndefu.

"Afadhali," alisema. "Basi watu wa serikali nao wana neno."

"Wanalo, mjomba. Nenda nyumbani sasa. Sindano ziko kwenye mlango wa friji, nyuma ya maziwa. Choma kabla hujala. Unanisikia? Kabla hujala."

"Na wewe?"

"Namalizia karatasi hapa, nakukuta."

Alimfunga mkanda kiunoni kama mtoto wa shule. Akamtengeneza kola. Mzee alimgusa shavu, akaona kidole chake kimejaa vumbi, akacheka. Kisha akaelekea mlangoni akishika ukuta, na mwanga wa mchana ukammeza.

Sajenti aliinua kile kibao cha kaunta kinachofunguka juu, akasogea pembeni kumpisha. Mama Jicho akapita upande wa ndani. Akavua saa, akaiweka kaunta kama wafanyavyo mahabusu. Akavua hereni. Dirisha la chumba kile lilikuwa na nondo, lakini ngazi za nje zilionekana vizuri, na mjomba wake alikuwa anateremka moja moja, akipapasa kwa mguu kabla ya kukanyaga.

Amebakiza ngazi nne.

Gari la serikali lenye vipaza sauti lilijitokeza kona ya barabara. Umati ukanyamaza kusikiliza.

"Wananchi, mnaombwa mtawanyike," vipaza vilikoroma. "Mmedanganywa. Mpanga herufi amekiri kwa maandishi. Aliagizwa na mpwa wake wa kike, msomaji wa prufu, aliyeghushi mwandiko. Mwanamke huyo amekamatwa sasa hivi, na ukurasa alioghushi amekutwa nao."

Mngurumo ulipanda barabarani, wa watu walioibiwa wasiojua wamkamate nani. Katikati ya mabango Sista alikuwa ameweka mikono kichwani.

Mama Jicho hakuwatazama hao. Alishika nondo kwa mikono miwili.

"Nenda, mjomba," alisema kwa sauti ndogo. "Nenda nyumbani. Nenda ukachome sindano. Nenda!"

Mzee Nukta alikuwa amesimama ngazi ya tatu kutoka chini. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande mmoja, kama anayetaka arudiwe neno. Vipaza vikarudia.

Akageuka. Akashika ukuta, akaanza kupanda.